Paka Mzazi na Mfuko Mtupu

Mwezi uliopita, baada ya darsa ya Isha, ndugu mmoja katika wenzetu alituletea suala ambalo kwanza lilituchekesha, kisha likatunyamazisha. Alisema kwamba nyumbani kwake, Mji wa Kale hapa Mombasa, mna paka aliyezaa watoto wanne chini ya ngazi. Paka huyo hakumnunua wala hakupewa na mtu. Aliingia mwenyewe miaka miwili nyuma, akakaa, na tangu hapo panya wa nyumba ile wamepungua. Siku ya tisa baada ya kuzaa akaacha kula. Titi lake moja likavimba, likawa gumu na lenye moto, na watoto wakawa wakilia usiku kucha. Ndugu yetu ni mtu wa kibarua, ana wana watatu shuleni, na fedha aliyokuwa nayo haikufika nusu ya ile aliyotajiwa na daktari wa wanyama. Akatuuliza: "Je, nina dhima juu ya mnyama huyu? Na ikiwa ninayo, nitailipa kwa nini?"

Walikuwapo waliojibu upesi. Wa kwanza alisema kuwa maadamu wako wanadamu wenye njaa, mnyama hana haki ya hata senti moja. Wa pili alisema tutoe katika sanduku la vitabu vya mayatima, kwani kila kitu ni sadaka. Wa tatu alisema paka na watoto wake watiwe guniani, wapelekwe soko la samaki, maana huko riziki ni nyingi. Nasi twaona kuwa majibu haya yote matatu yana kosa, na kosa la kila moja si la mwenziwe. Basi na tuyatazame, tuanze na lile la mwisho, kwa kuwa ndilo lililo desturi yetu.

Kila mmoja wetu ameipata habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, kama walivyoipokea Bukhari na Muslim. Alimfungia mpaka akafa. Hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini. Mwenye kupenda gunia huishika habari hii kwa ncha moja, akasema: "Mimi sikumfungia. Mlango wangu u wazi, na sokoni nitamwacha huru." Lakini na tufikiri kidogo. Mwanamke yule alikuwa na njia mbili za kuokoka: kulisha au kufungua. Kufungua kulikuwa rehema kwa sababu paka yule angeweza kwenda kuwinda. Je, huyu wetu aweza? Huyu amefungwa kwa kamba mbili ambazo hazikatwi kwa kufungua mlango: maradhi yake, na watoto wake. Ukimfungulia mlango hatoki. Na ukimtupa sokoni hukumpa uhuru, bali umembadilishia kifungo, umemtoa penye paa na kumtia penye jua, mbwa na magurudumu ya mikokoteni. Kwa paka mgonjwa anyonyeshaye, ile njia ya pili imekwisha kuzibika. Imebaki moja tu, nayo ni kulisha.

Wala tusisahau ile habari ya ndege aliyechukuliwa makinda yake na baadhi ya masahaba safarini, akaja akipigapiga mbawa zake kwa huzuni. Mtume (s.a.w.) aliuliza ni nani aliyemhuzunisha kwa watoto wake, akaamrisha warudishwe. Kama huzuni ya ndege wa porini, ambaye hakumfaa mtu yeyote kwa lolote, ilisikilizwa hivyo, itakuwaje ya mnyama aliyekaa nasi miaka miwili akitulindia unga?

Ama yule wa kwanza, maneno yake yana sura ya haki. Mwanadamu hutangulizwa, na wala hatusemi kuwa mtu apunguze chakula cha wanawe amtibu paka. Lakini kutangulizwa kwa mmoja si kufutwa kwa mwingine. Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Kishafi aliyefariki mwaka 660 wa Hijria (1262), alipozitaja haki za wanyama katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam, alisema kuwa mnyama hulishwa hata akizeeka au akiugua ugonjwa usiotumainiwa kumwachia faida tena. Huenda mtu akasema: "Hayo ni ya mnyama anayemilikiwa, na paka huyu si milki yangu." Jawabu yetu ni kwamba umiliki hauanzi siku ya dhiki. Alipokuwa mzima ulimwita "paka wetu", ukajisifu kwa majirani kuwa nyumba yako haina panya. Haifai awe wako kwa manufaa, kisha awe wa Mungu tu kwa gharama.

Kisha twamwuliza mwenye kusema "sina": Je, umeuhesabu mfuko wako kwa uadilifu? Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri iwezavyo, na hiyo ni rehema kubwa. Lakini kadiri hiyo hupimwa kwa mizani, haipimwi kwa ulimi. Yuko kati yetu asiyekosa mirungi ya jioni na muda wa maongezi wa simu, naye ndiye wa kwanza kulia umaskini mlangoni kwa mwenye shida. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Na yule wa pili, mwenye kufungua sanduku la mayatima, alitaka wema, lakini alitaka kuufanya kwa mkono wa mwingine. Fedha ile ilitolewa na watu kwa jambo walilolitaja, nayo mikononi mwetu ni amana. Huruma inunuliwayo kwa amana ya yatima ni dhuluma iliyovishwa kanzu nyeupe. Wajibu wa paka huyu ni wa waliofaidika naye, yaani mwenye nyumba na majirani ambao ghala zao alizipitia.

Ikiwa hayo yamethibiti, lililobaki ni hili: mwenye mkono mtupu afanye nini? Twasema kuwa uchache wa mali hauondoi wajibu, bali huubadilisha sura. Tajiri huanza kwa fedha; maskini huanza kwa yale yasiyo na bei, kisha fedha yake ndogo akaiweka penye haja kubwa.

Yasiyo na bei ni mahali pakavu, penye utulivu na joto, na kanga kuukuu ya kulalia. Ni maji safi karibu na kichwa chake, na samaki aliyechemshwa akatolewa miiba, au yai lililopikwa. Wala asitiliwe kitunguu, kwani kitunguu ni sumu kwa paka. Anyonyeshaye huhitaji chakula mara mbili au tatu ya alichokuwa akila zamani, nacho apewe kidogo kidogo mara nyingi. Yasiyo na bei pia ni kujizuia na madhara. Panadol, ambayo kwetu ni dawa ya kila homa, humwua paka, na kidonge kimoja chaweza kumtosha. Mwenye kumpa kwa nia njema amemwua kwa ujinga, na kuuliza hakukuwa na gharama.

Ama fedha, itangulie kwa tabibu pale dalili za hatari zionekanapo: titi gumu lenye moto, au lililogeuka rangi, uchafu unukao utokao tumboni, kutetemeka na kukakamaa viungo, ambako hutokana na upungufu wa chokaa mwilini na kwaweza kumwua siku ile ile, au kukataa chakula siku nzima. Na mtu asione haya kumwambia tabibu ukweli: "Nina kiasi hiki tu. Kipi kitangulie?" Wengi wetu huona aibu kuitamka kauli hii, wakamwacha mnyama afe ili wao wasionekane maskini.

Watoto nao wakikosa maziwa ya mama, wasinyweshwe ya ng'ombe kwa mazoea, kwani huwaharisha. Yako maziwa ya unga ya vipaka, na katika juma la kwanza hunyweshwa kila baada ya saa mbili au tatu, wakiwa wamelala kifudifudi, wasije wakapaliwa. Kisha hupanguswa chini ya mkia kwa kitambaa chenye umajimaji, ili wapate kujisaidia. Kazi hiyo haitaki mali, yataka usingizi wa mtu.

Usiku ule tulitoka pamoja, tukabisha milango mitatu ya majirani. Hakuna aliyetoa kingi. Asubuhi paka alipelekwa, titi likapasuliwa usaha ukatoka, akapewa dawa ya siku saba, na deni lililobaki tabibu akakubali lilipwe kidogo kidogo. Mtoto mmoja alikufa, watatu wapo. Tabibu alitushauri paka huyo afungwe kizazi, kwa kuwa aweza kushika mimba nyingine hali anyonyesha, na wako wanavyuoni wa zama zetu waliolijuzisha jambo hilo penye haja. Fedha yake twaikusanya sasa.

Wala hatuyaandiki haya kwa kujisifu. Aliyetaja gunia alikuwa mmoja wetu, na sisi wengine tuliosikia tulinyamaza kitambo kabla ya kumjibu, kwa kuwa makwetu pia gunia hilo tumeliona likifungwa, na wengine wetu tulilibeba utotoni tukitumwa na wazee. Desturi haiwi halali kwa ukale wake. Basi msomaji atakaposikia mlio chini ya ngazi yake, kabla ya kusema "sina", na ashuke kwanza akatazame.

Wa billahi tawfiq.