Maziko Bila Deni

Mzee mmoja alifariki kijijini, siku ya pili ya juma. Alikuwa mtu mwema, mwenye kupendwa na watu, wala hakuwa na deni lo lote. Lakini kabla ya juma kwisha, nyumba yake ilijaa madeni. Maana mbao za jeneza zilikopwa, sanda ilikopwa, unga na chumvi vya kuwalisha waombolezaji vilikopwa pia. Watu wakakaa matanga siku nyingi, wakala, wakanywa, wakaenda zao. Mjane akabaki na watoto wanne na wadai mlangoni. Mbuzi wawili wakauzwa. Shamba la muhogo likawekwa rehani. Mtoto wa kwanza akatolewa shuleni. Hivyo mzee yule, ambaye hakumdhulumu mtu ye yote maishani mwake, aliwaachia watoto wake mzigo bila kukusudia.

Wako watu wanaosema: «Anayetayarisha sanda yake anaita kifo.» Neno hilo si la kikristu. Kifo hakiitwi wala hakifukuzwi kwa maneno. Saa yake inajulikana na Mungu peke yake. Mkulima anayeweka mbegu ghalani haiiti njaa. Ajua tu kwamba majira hugeuka. Akiba haiozi.

Atazamwe Yozefu wa Arimatea katika Injili. Mtu huyu tajiri, mwanafunzi wa Yezu, alikuwa amechonga kaburi jipya katika mwamba kwa ajili yake mwenyewe, angali hai. Siku ya Ijumaa Kuu, Bwana alipokwisha kufa msalabani, Sabato ilikuwa karibu kuanza, wala hapakuwa na nafasi ya kutafuta mahali mbali. Kaburi lilikuwa tayari. Yozefu akalitoa, akaleta na sanda ya kitani. Nikodemo naye akaleta manemane na udi, uzani wa ratili 100 hivi. Kama Yozefu angaliogopa kufikiri kifo chake, angalitoa kaburi gani jioni ile? Basi matayarisho ya mtu mmoja yalimfaa mwingine, tena Mkombozi mwenyewe.

Wakristu wa zamani walikuwa na moyo huo huo. Tertuliano, mwandishi wa Kartago katika Afrika ya Kaskazini, aliandika mnamo mwaka 197 kwamba Wakristu walikuwa na hazina yao. Kila mmoja alitia kidogo, mara moja kwa mwezi au alipotaka, kwa kadiri ya uwezo wake, wala hakuna aliyeshurutishwa. Fedha hizo hazikuliwa katika karamu, bali ziliwalisha na kuwazika maskini, ziliwasaidia yatima na wazee.

Jambo hilo laweza kufanyika katika kijiji cho chote. Watu 20 wakipatana kutoa franka 1,000 kila mwezi, baada ya mwaka mmoja hazina itakuwa na franka 240,000. Asiye na fedha aweza kuleta kikapu cha maharagwe, kikauzwa sokoni. Hesabu iandikwe katika daftari, isomwe mbele ya wote. Kasha liwe na kufuli mbili, na funguo zishikwe na watu wawili wasio wa nyumba moja. Tena wapatane tangu mwanzo ni kiasi gani kitakachotolewa mtu akifa, na ni nani atakayekipokea, ili mjane asinyang'anywe.

Katika nchi nyingi ziko kampuni za bima zinazofanya kazi karibu na hiyo: mtu hulipa kidogo kila mwezi, naye akifa, kampuni humpa fedha yule aliyeandikwa jina lake. Jambo hilo ni halali. Lakini mwenye akili husoma mapatano kwanza, au husomewa na mtu mwaminifu. Maana bima nyingine hazitoi fedha zote mtu akifa katika miaka miwili ya kwanza. Na mwenye kuacha kulipa aweza kupoteza alichotoa.

Walakini fedha si kitu cha kwanza. Kanisa halimnyimi maskini maziko kwa sababu hana kitu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yaagiza hivyo. Sheria hiyo yasema pia kwamba, katika maziko, wakatekumeni wahesabiwe pamoja na waamini. Basi mkatekumeni akifa kabla ya siku ya ubatizo, hazikwi kama mgeni, bali kama mtoto wa nyumba. Jeneza la fahari na karamu kubwa havimfungulii marehemu mlango wa mbingu. Misa na sala ndizo zinazomsaidia. Afadhali sanda safi iliyolipwa kuliko fahari inayomtoa mtoto shuleni.

*Ulizo:* Kuzika wafu ni tendo gani?
*Jibu:* Ni tendo la saba la huruma kwa mwili.

*Ulizo:* Mkristu ajitayarishe kwa kifo namna gani?
*Jibu:* Kwanza atayarishe roho yake, kwa toba na sakramenti. Halafu nyumba yake, kwa kulipa madeni na kuweka akiba, ili kilio cha wapenzi wake kisigeuke njaa.