Ridhaa ya Mlangoni

Mgeni apigaye hodi Ujiji huulizwa jina lake, wala si vibaya. Lakini akiambiwa, "Huingii mpaka ufungwe njuga mguuni, tujue kila uendako," naye ana mgonjwa wake ndani, je, akikubali, amekubali kweli?

Ndivyo zifanyavyo baadhi ya tovuti: hazifunguki mpaka upokee vidakuzi, yaani alama ndogo ziwekwazo katika simu. Vingine hukutambua tu urudipo. Vingine hufuata nyayo zako, habari zako zikafanywa biashara.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imewekwa kutulinda. Lakini Luther alikwisha kufundisha ya kuwa Amri ya Saba yakataza pia kujipatia mali ya jirani kwa hila. Pasipo nafasi ya kukataa, hakuna ridhaa. Basi mwenye mlango asiiite haja ya mwenziwe hiari.