Kifaru Kidogo Katika Sanduku la Nguo



Wengi wenu mmesikia habari ya kifaru kilichopatikana kanisani, na maneno yamekuwa mengi. Wengine wamesema kwamba wachungaji wanaficha kitu cha vita ndani ya nyumba ya Mungu. Kwa hiyo tumeona ni vema tueleze jambo lilivyokuwa, pamoja na swali ambalo limetuletea.

Sanduku la nguo lilifika kutoka kwa Wakristo wa mbali, nasi tunawashukuru kwa moyo wote. Tulipolifungua mbele ya wazee wa kanisa na akina mama, chini ya masweta na viatu vya watoto tulikuta kifaru cha vita, kidogo, cha plastiki. Kwenye tumbo lake kimeandikwa T-72 na 1:35, maana yake kila sentimeta 1 ya mfano huo ni sentimeta 35 za kifaru chenyewe. Kile cha kweli kiliingia katika jeshi la Urusi ya Kisovieti miaka ya 1970, na hata leo kiko katika majeshi mengi, ya Afrika pia. Pamoja na mtutu wake kina urefu wa karibu mita 9 na nusu, uzito wake ni zaidi ya tani 40, na ndani hukaa askari 3. Hiki cha kwetu kina sentimeta 27.

Lakini si mchezo wa watoto kama tulivyodhani. Aliyekitengeneza alikipaka rangi ya kijani, kisha akakichakaza kwa makusudi. Kijana wetu mmoja aliyesoma mambo haya katika simu alitueleza kazi inavyofanyika. Mtu huchukua kipande cha sponji, akakichovya katika rangi ya kahawia na kugusagusa pembeni, mahali ambapo viatu vya askari vinakwaruza. Huyeyusha rangi ya mafuta, akaiacha itiririke kwenye mifereji midogo ionekane kama uchafu wa siku nyingi. Huvuta michirizi ya kutu kutoka kila msumari kuelekea chini, kama mvua inavyoifanya. Kwenye minyororo huweka unga wa rangi uwe kama matope yaliyokauka, na kwenye bomba la moshi huweka masizi. Kazi hiyo huchukua siku nyingi. Tulipokishika mkononi, tuliona matope yale ni kama yetu ya masika.

Hapo wazee wakagawanyika. Mzee mmoja alisema kichomwe siku hiyohiyo, maana nabii Isaya ametuambia kwamba viatu vya vita na mavazi yenye damu vitakuwa kuni za moto. Vijana walijibu kwamba ni plastiki tu, na kwamba watoto wetu wanatengeneza bunduki za migomba na vifaru vya makopo ya samaki kila siku bila mtu kuwakemea. Sisi wenyewe hatukuwa na jibu. Tulijiuliza: je, ni dhambi kukitengeneza kwa upendo na uzuri namna hii kitu ambacho kazi yake ni kuua?

Tukiwa katika mabishano, mama mmoja mzee aliomba akishike. Alikigeuza, akaangalia chini ya minyororo, upande huu na upande ule, kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mbona huku chini hakuna kitu?" Tukamwambia, mama, ni mfano tu. Ndipo akatueleza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua, ingawa tumesali naye miaka mingi. Siku waliyokimbia, kifaru kilipita katikati ya watu barabarani. Watu walirukia mtaroni pande zote mbili. Alikuwa amemshika mjukuu wake mkono. Alipoinuka, mkono ule hakuwa nao, na hadi leo hajamwona.

Ndugu mwingine, aliyewahi kuwa askari na sasa anaimba katika kwaya, aliinama. Baadaye alisema kwamba yeye alikwisha kupanda ndani ya chombo cha namna hiyo. Wakifunga vifuniko, alisema, dunia yote ni kioo chembamba mbele ya macho. Barabara inaonekana, lakini mtaro hauonekani. Hakusema zaidi, nasi hatukumlazimisha.

Wapendwa, tangu siku ile tumefikiri sana. Kijana wetu alitueleza kwamba kipimo hiki cha 35 kilienea kutoka kampuni ya Tamiya ya Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitengeneza kifaru cha Kijerumani cha kuchezea, wakachagua ukubwa ambao ungetosha kuweka mota na betri ndani. Basi tukafanya hesabu. Kwa kipimo hicho mtu mzima ana sentimeta 5. Mtoto wa miaka mitano ana sentimeta 3. Nyumba ya mita 4, kama nyingi za hapa kwetu, ina sentimeta 11, na kifaru chenyewe kina upana wa sentimeta 10. Yaani kinajaza nyumba nzima.

Tena tukaona jambo jingine. Kitu kikipunguzwa urefu mara 35, upana mara 35 na kimo mara 35, uzito wake unapungua karibu mara 43,000. Hata kama mfano huu ungekuwa wa chuma kilekile, ungekuwa na kilo 1 hivi, kama pakiti ya unga. Umbo linabaki, kutu inabaki, matope yanabaki. Uzito ndio unaoondoka upesi kuliko vyote. Na sisi tunafanya vivyo hivyo tunaposimulia vita. Mara ngapi tumewasikia wanaume, nasi tukiwamo, wakikaa jioni na kutaja silaha kwa majina yake, ipi ina mlio gani, ipi inafika mbali, huku akina mama wakinyamaza? Tunalikumbuka chuma kwa usahihi mkubwa. Watu wa barabarani tunasema tu "walikufa wengi".

Basi je, mfano wa vita ni dhambi? Fungueni Ezekieli sura ya 4. Ezekieli alikuwa mkimbizi kama sisi, amechukuliwa pamoja na mfalme Yehoyakini mwaka 597 kabla ya Kristo, akaishi kando ya mto Kebari katika nchi ya wageni. Huko Mungu alimwagiza achukue tofali, achore mji wa Yerusalemu juu yake, kisha ajenge ngome kuuzunguka, aweke kambi za askari na magogo ya kubomolea kuta. Huo ulikuwa mfano mdogo wa vita, na Mungu ndiye aliyeuagiza! Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mikono ya fundi yule wa mbali ilitenda dhambi.

Lakini angalieni kinachofuata. Ezekieli hakuuweka mfano wake mezani ili watu wausifu. Aliambiwa alale kando yake, siku 390 kwa ubavu wa kushoto na siku 40 kwa ubavu wa kuume. Alikula mkate kwa mizani, shekeli 20 kwa siku, ambazo ni kama gramu 230, na maji alikunywa kwa kipimo. Ninyi mnaopanga mstari wa mgao mnajua maana yake. Mji wa tofali ulikuwa mdogo, lakini njaa yake Ezekieli haikupunguzwa hata kidogo. Mtu alilala pale, mwenye ukubwa wake kamili.

Kwa hiyo tumeamua hivi, na wazee wamekubali, hata yule aliyetaka moto. Kifaru hakitachomwa, wala hakitapewa mtoto akichezee. Kitakaa katika kabati la kanisa. Mwezi uliopita mwalimu wa shule ya Jumapili alikitoa, akawaambia watoto wafinyange kwa udongo watu wa sentimeta 5 na wa sentimeta 3, wawapange barabarani. Walifinyanga mama mwenye mzigo kichwani, mbuzi, mtu mwenye dumu la maji, mzee mwenye fimbo. Yule mama alikuja akafinyanga mmoja mdogo, akamweka mwenyewe, akakaa naye mpaka kipindi kikaisha. Ndugu yetu wa kwaya alikuja pia. Alikaa benchi la nyuma.

Tunawasihi, hasa akina baba: mtoto akikuuliza habari ya vita, usimpe majina ya silaha tu. Mpe jina la mtu mmoja aliyekuwa barabarani. Na wewe uliyekuwa ndani ya chuma, mlango wa mchungaji uko wazi, hata usiku.

Mungu wa faraja yote awalinde ninyi na nyumba zenu. Amina.