Ushahidi wa Asiyeona

Je, yafaa mtu kulishuhudia jambo asiloliona? Hakimu humshuku shahidi wa namna hiyo. Mshairi huachiwa, hata husifiwa. Mtaalamu wa angahewa za sayari za mbali yuko baina ya wawili hao.

Sayari iitwayo WASP-12b iligunduliwa mwaka 2008. Huizunguka nyota yake kwa muda upatao saa 26 tu, na joto lake hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Hakuna jicho lililopata kuiona. Kilichopo ni mwanga unaopungua kidogo sayari inapopita mbele ya nyota yake au kujificha nyuma yake, na kutokana na upungufu huo hujengwa kielelezo cha hesabu. Katika joto kama lile, kaboni na oksijeni hutangulia kuoana zikawa kaboni monoksidi, ndoa iliyo ngumu kuvunjika. Oksijeni ikizidi, inayobaki hufanya maji. Kaboni ikizidi, maji huwa haba, na methani ikaongezeka. Katika Jua letu kaboni ni kama nusu ya oksijeni.

Mwishoni mwa mwaka 2010 Nikku Madhusudhan na wenzake walitangaza kwamba katika WASP-12b kaboni imelingana na oksijeni au imeipita. Magazeti yakadakia habari za almasi. Mwaka 2012 Ian Crossfield na wenzake wakaonyesha kwamba nyota hafifu iliyo karibu ilikuwa imeuchanganya mwanga wake na vipimo. Mwaka 2015 Laura Kreidberg na wenzake, kwa darubini ya Hubble, wakaukuta mvuke wa maji.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili lilisemwa, halikuwapo, wala halikuja. Basi waliosema walidanganya? La hasha. Kielelezo chao kilisema maji yatakuwa haba, yaani kilikitaja chenyewe kitu kitakachokipinga, na mwongo hafanyi hivyo. Lawama iwaangukie walioliangusha njiani neno dogo "ikiwa", wakaiuza dhana kwa bei ya habari.

Tena hesabu ileile ndiyo iliyoupa uzito mvuke wa mwaka 2015. Asiyejua kwamba kaboni ikizidi huyanyima maji oksijeni yake, angeyaona maji yale ni maji tu.