Vuli Moja ya Kashiwabara

Lipo swali la kale ambalo washairi wa pwani wamelikabili mara nyingi: mtu aliyekwisha kujua kwamba dunia ni mapito, ana haki gani ya kukifurahia kicheko cha mwanawe? Mafunzo ya wazee yameelekea upande mmoja. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, huushika moyo mkono na kuuzungusha ndani ya magofu ya Pate, ukaone majumba yaliyowaka taa yalivyogeuka makao ya popo na buibui, kisha huuonya ukome kuiandama dunia. Hoja hiyo ni nzito, na ushahidi wake ni wa mawe na chokaa. Lakini kilichobomoka Pate ni fahari. Je, furaha ya nyumba ndogo, isiyo na taa wala kaure, nayo imo katika lawama hiyo?

Mfano wa kulipimia swali hili unapatikana mbali na bahari yetu, katika kijiji cha Kashiwabara, jimbo la Shinano, nchini Japani. Huko alizaliwa mwaka 1763 mshairi anayejulikana kwa jina la Issa, maana yake kikombe kimoja cha chai. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, mama wa kambo hakumpenda, naye akiwa kijana mchanga akapelekwa Edo, mji unaoitwa leo Tokyo, akajitafutie riziki. Baba yake alipofariki mwaka 1801, palizuka ugomvi wa urithi uliodumu miaka mingi, hata mwisho nyumba ikagawanywa. Alioa mwaka 1814, umri umeshapita hamsini. Mkewe, Kiku, alikuwa hajafika thelathini. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1816, alikufa kabla ya kutimiza mwezi. Wa pili alikuwa binti, wakamwita Sato. Alizaliwa mwaka 1818 majira ya joto, akafa majira ya joto ya mwaka uliofuata. Vuli aliyoiona ilikuwa moja tu.

Neno vuli limeazimwa hapa, wala halikai sawa. Kwa mtu wa pwani vuli ni mvua, na matumaini ya mkulima. Kwa watu wa Shinano majira hayo ni ya mavuno, ya majani kugeuka rangi na kupukutika, ya mwezi mpevu unaoketiwa nje ili utazamwe, na ya umande. Kisha theluji huja ikaufunika mlango. Katika ada ya haiku, umande ni neno la vuli, nalo likitajwa tu msomaji hujua yuko majira gani. Mfasiri hana pa kukimbilia: haiku nzima ina mizani kumi na saba, yaani imeuzidi mshororo mmoja wa shairi letu kwa mizani moja tu. Hapana nafasi ya kufafanua.

Yale ambayo Issa aliyaandika juu ya binti huyo yamo katika kitabu chake Oraga Haru, cha mwaka 1819, kilichochapishwa mwaka 1852, yeye hayupo tena. Humo Sato anakililia kititia, kile kichezeo kinachozungushwa na upepo. Akipewa, anakitia kinywani, kisha anakitupa. Anaziendea karatasi za mlangoni na kuzichana, na baba, badala ya kukaripia, anamsifu kwa kazi nzuri, mtoto akazidi kucheka. Mama anamlaza kifuani, na huku akimnyonyesha anahesabu alama za viroboto mwilini mwake. Ni hayo tu.

Atakayesema kwamba mzee huyu alijisahau hajazisoma tarehe. Alikwisha kuzika mtoto mmoja. Alilelewa katika madhehebu ya Kibuddha ambayo hayachoki kukumbusha kwamba maisha ni umande. Alijua, naye alifurahi akijua. Wako watu wanaojizuia wasimpende sana mtoto ili siku ya msiba isiwalemee. Hiyo huitwa busara, ingawa kwa hakika ni ubahili, na anayenyimwa ni mtoto, ambaye haki yake haikubali kucheleweshwa. Kicheko cha mtoto wa miezi sita hakina wa kukipokea akishafika miezi saba.

Haifai, hata hivyo, kumfanya Issa walii. Alikuwa msafiri, akiondoka mara kwa mara kuwazungukia wanafunzi wake wa ushairi, na nyumbani alibaki Kiku. Furaha ndogo za nyumba huandikwa na mwenye wasaa wa kuzitazama. Anayezibeba mgongoni huwa ana kazi mikononi. Pengine ndiyo sababu picha ya viroboto inazishinda zote kwa ukweli: kumpenda mtoto na kumtunza ni tendo moja, wala halikungoja kuitwa furaha.

Ndui ndiyo iliyomchukua Sato. Jenner alikwisha kuonyesha njia ya chanjo tangu mwaka 1796, lakini chanjo hiyo haikushika Japani mpaka mwaka 1849. (Mgonjwa wa mwisho wa ndui kuambukizwa nje ya maabara alipatikana Merka, katika mwambao huu huu wa Bahari ya Hindi, mwaka 1977.) Baada ya maziko Issa alitunga haiku yake mashuhuri kuliko zote. Ndani yake anakubali kwamba dunia ni umande, halafu anaongeza maneno machache ya kusitasita, na sentensi inaachwa wazi. Hakulikana fundisho. Alikataa tu kulitumia kama dawa ya kumsahau mwanawe.

Wavulana wawili waliozaliwa baadaye nao walikufa wachanga, na Kiku akafariki mwaka 1823. Mwaka 1827 moto uliteketeza nyumba, Issa akahamia katika ghala lenye kuta za udongo, na humo akafa mwanzoni mwa mwaka 1828. Ghala hilo lingali limesimama. Mke wake wa mwisho, Yao, alikuwa na mimba. Mwaka huo huo alijifungua binti, akaitwa Yata, naye aliishi hadi utu uzima.