Mapasa wawili, mgongo mmoja

Mapasa wakizaliwa huku kwetu, jambo la kwanza ni vigelegele. La pili ni nyimbo. Na kila mtu mwenye alikomaa hapa Kasomeno anajua ni nyimbo za namna gani: zile zenye ukiziimba siku ingine mbele ya mama mkwe, wazee watakuita ulipe mbuzi. Siku ya mapasa haziogopewi. Wanawake wanamtukana baba ya watoto, wanataja kila kitu kwa jina lake, na yeye anapaswa kucheka, kujibu na kucheza. Kiisha watu wanatupa franka mu ungo, mbili mbili, wanakunywa, wanarudi kwao.

Ulizo letu ni hili: baba mwenye alichezeshwa siku ile, kesho yake anafanya nini? Ni ulizo la desturi, kwa sababu desturi njo ilimpa jina jipya. Ni ulizo la haki vilevile, kwa sababu kama yeye hafanyi kitu, kuna mtu mwengine mwenye kulipa, na mtu ule hakuombwa ruhusa. Nitamtaja mbele kidogo.

Kasomeno ni njia panda. Barabara ya kutoka Lubumbashi ikifika hapa inagawanyika, moja inaenda Kasenga ku Luapula, ingine inaenda Pweto. Kwa hiyo desturi zetu pia zimechanganyika, sawa vile mizigo ya samaki na makala juu ya kamio moja. Kwa Wabemba mapasa ni bampundu, mama yao ni nampundu, baba ni shimpundu. Na mpundu njo neno lile lile la vigelegele. Waluba wa Katanga wanaita wa kwanza Kyungu na wa pili Kabange, wapende wasipende wazazi. Waluba wa Kasai wanasema Mbuyi na Kabanga, na baba anakuwa Shambuyi. Na ukienda mbali, Buganda, utakuta Ssalongo na Nnalongo. Makabila haya hayakukaa mkutano mmoja kupatana. Lakini yote yaliona ya kama mapasa wakizaliwa, baba hawezi kubaki na jina lake la zamani.

Jina lile ni la nini? Watu wengi watakujibu: ni heshima. Anawekewa kiti, anamiminiwa munkoyo, anasalimiwa kwanza. Mimi sikubali jibu lile, ao nalikubali nusu tu. Heshima bila kazi ni kitu cha sikukuu, na mapasa hawaishi siku moja.

Hesabu kidogo. Mtoto mchanga ananyonya mara 8 mpaka 12 mu saa 24. Wakiwa wawili ni 16 mpaka 24, na wanapenda sana kuamka kila mmoja kwa saa yake. Katikati ya hapo kuna vitambaa vya kufua, maji ya kuchota, bunga ya kutwanga, moto wa kuwasha, bukari ya kusonga kwa ajili ya wale wengine wenye hawana habari ya kama nyumba imezaa mapasa. Bakambo wetu wanapenda kusema kwa kucheka: Mungu alijua, alimpa mwanamke maziwa mawili. Ni kweli. Lakini maziwa ni mawili, mgongo ni mmoja. Mama akibeba mmoja nyuma na mwengine mbele, hawezi kuinama ku moto, hawezi kulima, hawezi kubeba ndoo. Amefungwa sawa mbuzi.

Basi mgongo wa pili unatoka wapi? Miezi ya kwanza unakuwa wa kambo. Mama ya bibi anakuja kutoka kwao na mufuko wake, analala na mmoja, na nyumba inapumua. Lakini kambo naye ana shamba yake na bwana yake mwenye kungojea chakula. Siku moja anapanda kamio anaenda. Kiisha hapo angalia njiani asubui, wakati watoto wanaenda masomo. Utaona kijana mwanamke wa miaka 8 ao 9 amesimama ku mlango, kitenge cha mama kimefungwa juu ya kifua chake, na miguu ya mtoto mchanga inatoka huku na huku. Njo mgongo wa pili ule. Njo mtu mwenye analipa.

Tangu mwaka wa masomo wa 2019, shule za msingi za serikali mu Congo ni za bure. Tulishangilia, na ilikuwa haki. Lakini ubure hausaidii mtoto mwenye kubeba mdogo wake. Yeye hakufukuzwa juu ya franka. Alibakia nyumbani juu ya hesabu: mapasa wawili, mgongo mmoja wa mama, na kaka zake wanaume hawaguswi, na baba yake amekaa chini ya muembe anangojea mtu wa kumpa habari ya Lubumbashi.

Ukimuuliza baba ule, hatasema «nimekataa». Atasema «watu watacheka». Na watacheka kweli. Siku mwanaume anatokea barabarani na mtoto mgongoni, kitenge kimefungwa vizuri sawa vile mama anafunga, washofere wa kamio wanapiga honi. Wamama wa soko wanaitana: «Mukuye mwone! Bibi yake amemulisha kintu!» Mimi nilisikia hayo kwa masikio yangu mawili, kwa sababu mgongo wenye walikuwa wanacheka ulikuwa wangu. Mzee mmoja aliniita pembeni, kwa upole, akaniuliza: «Baba mapasa, bibi anagonjwa?» Nikajibu: «Hapana, mzee, yeye anabeba mwengine.» Akafikiri kidogo. Akasema: «Ah. Basi.»

Hapo njo nilianza kufikiri upya juu ya nyimbo za matusi. Tunaziona sawa mchezo, na mapadri na wachungaji wengi wanaziona sawa uchafu tu. Mwingereza mmoja, Victor Turner, alikaa na Wandembu upande wa Zambia mu miaka ya 1950. Ni ndugu za Walunda wetu, wanahesabu asili yao kwa Mwant Yav. Mu kitabu chake cha mwaka 1969 alieleza desturi yao ya mapasa, Wubwang'u, namna wanaume na wanawake wanatukanana kwa nyimbo bila mtu kukasirika. Aliandika pia ya kama kwao mapasa ni baraka na tena ni mzigo, vyote viwili kwa mara moja, na ya kama desturi haifichi mzigo ule. Alikuwa mgeni, lakini alisikiliza.

Mimi naongeza yangu. Naona wakubwa wetu walikuwa wanatoa haya mu mwili wa baba. Mwanaume mwenye kijiji kizima kilimwimbia mambo ya chumbani mwake, mbele ya wakwe wake, jua likiwaka, na alicheza juu yake, amebaki na haya gani ingine ya kuogopa? Kitenge? Kufua kitambaa? Walimcheka yote siku moja ili wasimcheke tena. Sisi tumeshika cheko, tumetupa sababu yake. Tunamtukana siku ya kwanza kwa desturi, kiisha tunamtukana tena siku ya 40 kwa ujinga.

Wengine wataniambia: baba wa zamani naye hakubeba watoto, alikuwa mu pori. Sina shuhuda wa kila nyumba ya zamani. Lakini mawazo ya kama baba ni mfuko wa franka tu, yale tunajua yalipita njia gani. Kutoka mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilitaka wafanyakazi wakae na bibi na watoto mu kambi, na ikawapa posho ya jamaa. Baba akawa mtu mwenye kuingiza posho. Watu wakasema kazi njo baba, kazi njo mama. Wana wetu walienda Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, na hata wale hawakupata kazi walirudi huku na mawazo yale. Kiisha Gécamines ikaanguka. Mu mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliachishwa kwa mara moja katika ile waliita «départ volontaire». Mwalimu Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu juu ya jamaa hizi, kilitoka 2001, kichwa chake ni *Bana Shaba abandonnés par leur père*. Kichwa kile peke yake kinauma. Kama baba ni posho, posho ikiisha baba naye ameisha, hata kama angali anakaa mu nyumba.

Na kwa mapasa jambo hili si la maneno tu. Wachunguzi wawili, Christiaan Monden na Jeroen Smits, walitoa hesabu mu 2017 juu ya nchi za Afrika kusini ya Sahara: kati ya miaka 2009 na 2014, juu ya mapasa 1000 wenye kuzaliwa wazima, 213 walikufa mbele ya kufikisha miaka 5. Ni mmoja juu ya watano, mara tatu hivi kuliko mtoto mwenye kuzaliwa peke yake. Wengi wanazaliwa mbele ya wakati, wadogo, na baridi inawakamata. Sasa, tangu 1978 kule Bogotá mu Colombia, munganga Edgar Rey Sanabria alianza kuweka watoto wadogo juu ya kifua, ngozi kwa ngozi, kwa sababu mashini za kuwapasha moto hazikutosha. Uchunguzi wenye ulitangazwa mu 2021, wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha ya kama watoto wa uzito mdogo sana wakiwekwa hivyo palepale, pasipo kungojea wapate nguvu kwanza, vifo vinapungua kwa 25 juu ya 100. Kifua cha mama kikichoka, kifua cha mtu mwengine kinafaa. Cha baba kina moto ule ule. Hakina maziwa, lakini moto kinao, usiku mzima, bure.

Kuna jambo lingine lenye desturi inaagiza, nalo ni gumu kuliko kubeba. Wakubwa wanasema: ukimpa Kyungu, mpe na Kabange. Ukinunua kapuchi kwa mmoja, nunua mbili. Ukimsalimia huyu, msalimie na yule. Usipofanya hivyo, mwenye kunyimwa atakasirika na «atarudi», maana yake atakufa. Hata mgeni mwenye kupita njiani na 500 franka atazivunja mara mbili.

Sheria hii ni nzuri, tena inafundisha watu wote wa nje. Lakini ndani ya nyumba inakutana na shida. Mapasa wangu, wa pili alizaliwa mdogo kuliko wa kwanza, na alikuwa mvivu wa kunyonya. Mwenzake akimaliza, yeye alikuwa amelala. Mimi na bibi tukapatana: mdogo anyonye kwanza, tena anyonye mara ingine katikati, na mkubwa nimshike mimi mpaka zamu yake, alie namna atalia. Shangazi zangu wakakasirika. «Munabagua batoto! Desturi inasema sawasawa.»

Niliwajibu kwa heshima, na bado naamini jibu lile. Sawasawa ya franka ni kuhesabu. Sawasawa ya maziwa ni kupima. Watoto wawili wenye njaa mbalimbali, ukiwapa kipimo kimoja, umeheshimu kipimo, hukuheshimu watoto. Wakubwa wetu waliogopa jicho la mzazi lisiegemee kwa mmoja, na waliogopa vizuri, kwa maana mtoto mwenye nguvu njo mwenye kulia sana, na mwenye kulia sana njo mwenye kupewa. Ule mwengine ananyamaza. Katika mapasa, kunyamaza njo alama mbaya.

Nani ataona kunyamaza kule? Mtu mwenye kubeba. Mgongo ni mzani. Mtu mwenye kumfunga mtoto yule yule kila asubui, juma ya kwanza, juma ya pili, anajua kama amepungua mbele ya balansi ya dispanseri kusema. Baba mwenye kuwaona mapasa wake jioni tu, wamefungwa vizuri, wamevaa kofia za namna moja, ataapa ya kama anawapenda sawasawa, na atasema kweli. Lakini hajui ni yupi mwenye anahitaji zaidi. Haki kati ya mapasa haikatwi kutoka ku kiti.

Inabaki shida ya kweli, nami siifichi. Mwanaume mwenye kuchoma makala analala mu pori juma mbili. Mvuvi analala ku Luapula. Mwenye kazi ya mshahara, Kodi ya Kazi ya 2002 inampa siku 2 tu bibi akizaa, wakati mama ana majuma 14. Hawa wote watasema: mgongo wangu ni wenu, lakini hauko hapa. Sitawahukumu. Nawaambia tu ya kama mu kabila zetu baba hayuko mmoja. Kuna baba mkubwa, kuna baba mdogo, na siku ya nyimbo wote walikuwa pale, walikunywa. Baba mdogo wa miaka 20 mwenye kushinda ku njia panda akitazama kamio anaweza kubeba saa mbili asubui, mpaka yule kijana mwanamke arudi toka masomo. Na hata akirudi, asipewe mtoto mbele ya kula.

Nilisema maneno haya mbele ya wazee wa hapa, na hawakupatana. Wengine walisema ni mambo ya wazungu. Mmoja, yule yule wa «Ah. Basi», aliuliza kama kitenge cha baba kinanunuliwa na upande wa mwanaume ao upande wa mwanamke. Walibishana juu ya hilo mpaka jioni.