Deni la Mtu Aliyepona

Mtu akipatwa na kiharusi, kisha akapona, nyumba nzima hufurahi. Lakini ugonjwa huo una desturi ya kurudi: nchini Marekani, karibu mmoja katika kila wanne wanaopatwa nacho amekwisha kupatwa nacho zamani. Hapo latokea swali: je, aliyepona ana ruhusa ya kuishi apendavyo, kwa kuwa mwili ni wake mwenyewe?

Waganga wanayajua yanayopunguza hatari ya pigo la pili. La kwanza ni kushusha shinikizo la damu. Kwa wengi hutakiwa liwe chini ya 130 kwa 80. Tena kuacha tumbako, kupunguza pombe, kutozidisha gramu 5 za chumvi kwa siku, na kutembea. Dawa nazo huchaguliwa na mganga: aspirini humfaa aliyezibwa mshipa na damu iliyoganda, bali yaweza kumdhuru aliyepasukiwa mshipa kichwani. Basi asinywe mtu dawa ya jirani yake.

Kuyajua hayo si kazi. Kazi ni kuyashika. Shinikizo la damu kwa kawaida haliumi. Mgonjwa humeza vidonge miezi miwili, hujiona mzima, akaviacha. Wengine husema: «Siku zangu zimo mikononi mwa Mungu.» Ni kweli. Hata mvua ni ya Mungu, wala mkulima haachi kulima.

Na asemaye «mwili ni wangu», aulizwe: Alipolala hana nguvu, nani alimgeuza kitandani? Nani alimlisha? Nani aliuza mbuzi ili apate matibabu? Pigo la pili halitamwangukia yeye peke yake.

Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alipatwa na kiharusi mwaka 1868, akiwa na miaka 45, akapooza upande wa kushoto. Dawa za leo hazikuwapo. Hata hivyo aliishi hadi 1895. Na mwaka 1885 alisimamia kuchanjwa kwa mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akasalimika. Siku alizoongezewa ziliwafaa watu asiowajua.

Uzima uliorudishwa, basi, ni amana. Aliyepona ameze kidonge chake hata siku isiyo na maumivu, kwa ajili ya wale waliombeba. Nao jamaa wasimwachie mzigo peke yake: wamkumbushe dawa, wapunguze chumvi katika chungu cha wote.